Kupiga picha za madaraja usiku kwa shata ya muda mrefu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mifano mingi hapa ni ya Dar es Salaam, kwa Daraja la Tanzanite linalopita juu ya bahari kati ya Upanga na Oysterbay, na Daraja la Nyerere la Kigamboni. Anayepiga Nyali (Mombasa), Jinja (Uganda) au Kigongo (Mwanza) atatumia kanuni zilezile, ila wa Jinja na Kigongo ya maji asome kwa makini, kwa sababu ziwa na mto havina bamvua, yaani kujaa na kupwa kukubwa kwa bahari.

Shata ya muda mrefu maana yake nini?

Shata ni pazia lililo mbele ya sensa ya kamera. Mchana hufunguka kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, tuseme 1/250, ikafunga. Usiku unaiacha wazi kwa sekunde 10, 30, hata dakika mbili, na muda wote huo sensa inakusanya mwanga. Kilichotulia, yaani nguzo, nyaya na kuta, kinajichora sawasawa. Kinachotembea ama kinafutika ama kinaacha mstari. Ndiyo maana daladala halionekani kwenye picha lakini taa zake zinaonekana, na bahari yenye mawimbi inatoka laini.

Niende saa ngapi?

Mapema kuliko unavyofikiri. Hili ndilo jibu ninalolirudia kuliko yote, na ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Picha nzuri ya daraja "usiku" kwa kawaida haipigwi usiku. Inapigwa katika dakika chache ambazo taa za daraja zimeshawaka na anga bado lina rangi ya buluu. Giza likishaingia kabisa, anga linakuwa jeusi tupu, nyaya zinamezwa na weusi huo, na unabaki na taa zinazoelea.

Kwetu karibu na ikweta jua halina subira. Dar es Salaam linazama kati ya saa kumi na mbili na robo jioni, Mei na Juni, na kama saa moja kasoro dakika kumi, mwishoni mwa Januari. Hesabu hivi: adhana ya Magharibi ikisikika, jua ndiyo limezama. Dakika kumi hadi kumi na tano baada ya hapo rangi inaanza kukolea, na ikifika dakika ya thelathini na kitu, imekwisha. Yaani una kama dakika ishirini. Isha inapoadhiniwa, ulipaswa uwe umeshapata picha yako na unapiga za ziada tu.

Kwa hiyo fika saa kumi na moja jioni. Tafuta kona, funga kamera, weka fokasi kukiwa bado kunaonekana, piga za majaribio, kisha subiri. Anayefika taa zimeshawaka na kuanza kutafuta pa kusimama, dakika zake ishirini zinaishia kwenye kutembea.

Wengine hupendelea alfajiri. Mwanga ni uleule, ila unakuja kinyume, kutoka giza kwenda buluu. Faida ni utulivu wa upepo na watu wachache. Hasara ni kwamba kwa daraja kama Tanzanite, anga linaloanza kung'aa ni la upande wa bahari, na magari bado ni haba.

Simu inatosha?

Inatosha kuliko wauza kamera wanavyopenda kukubali. Simu nyingi za Android zina hali ya Pro ndani ya kamera, na hapo unaweza kuchagua ISO (kiwango cha wepesi wa sensa kwa mwanga) na sekunde mwenyewe. Baadhi zinafika sekunde 30. iPhone za miaka ya karibuni zikikaa kwenye stendi bila kutikisika huongeza zenyewe muda wa hali ya usiku. Matatizo ya simu ni mawili. Tundu la lenzi yake kwa kawaida halifungwi zaidi, kwa hiyo kabla giza halijakolea picha huungua haraka, yaani mwanga unazidi mpaka inakuwa nyeupe, na sensa yake ndogo inaleta chenga (vidoadoa) mapema. Lakini simu iliyofungwa vizuri kwenye stendi inaishinda kamera ya bei mbaya iliyoshikwa mkononi. Haishindi kidogo.

Vifaa gani ni vya lazima?

Kamera au simu inayokuruhusu kuchagua sekunde mwenyewe, na stendi ya miguu mitatu isiyoyumba. Basi. Vingine vinasaidia: rimoti, betri ya pili, tochi ndogo, kitambaa safi cha lenzi, na mfuko wa nguo wa kujaza mchanga au mawe ili kuutundika chini ya stendi.

Kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu, nunua stendi nzito. Zile nyepesi za plastiki zinazouzwa kwa ajili ya simu zinafaa sebuleni. Upepo wa kusi ukiwa umechachamaa pale ufukweni, zinacheza kama zina mapepo.

Nianze na mipangilio ipi?

Hali ya kamera iwe M, yaani kila kitu unaweka mwenyewe. ISO 100. Tundu la lenzi f/8 (namba ikipanda, tundu linazidi kufungwa). Shata sekunde 10 anga likiwa bado buluu, sekunde 20 hadi 30 giza likishaingia. Faili liwe RAW (data ghafi ya sensa), si JPEG peke yake, kwa sababu vivuli na rangi za taa utahitaji kuvirekebisha nyumbani. Kidhibiti mtikisiko cha lenzi au cha kamera kizime. Kamera ikiwa kwenye stendi, kifaa hicho kinaweza kutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta chenyewe.

Kuanzia hapo tazama picha uliyopiga, na zaidi tazama histogramu, yaani mchoro wa kamera unaoonyesha mwanga ulivyogawanyika kwenye picha, kwa sababu skrini gizani hudanganya: inang'aa, unadhani picha ina mwanga wa kutosha, ukifika nyumbani unakuta imezama gizani.

Nitajuaje sekunde ngapi bila kubahatisha?

Piga ya majaribio kwa ISO kubwa. Weka ISO 3200 na upige kwa sekunde 1. Picha itakuwa na chenga, si neno. Kama mwanga wake umekaa sawa, rudi ISO 100. Kutoka 3200 hadi 100 ni kupunguza kwa nusu mara tano (1600, 800, 400, 200, 100), kwa hiyo unazidisha sekunde maradufu mara tano: 2, 4, 8, 16, 32. Sekunde 32 ndiyo jibu lako. Umelipata kwa sekunde moja badala ya kusubiri nusu dakika kila unapokosea.

Ikivuka sekunde 30, kamera nyingi zinakutaka uhamie kwenye alama ya B, ambapo shata inabaki wazi mpaka uiachie. Hapo rimoti si anasa tena. Usishikilie kitufe kwa kidole.

Fokasi inakataa gizani. Nifanyeje?

Usiiachie kamera ijitafutie. Washa picha kwenye skrini, kuza sehemu ya taa moja ya daraja mpaka uone mzunguko wake, zungusha pete ya lenzi hadi taa iwe ndogo na kali kadiri inavyowezekana, kisha hamisha swichi kwenda MF (fokasi ya mkono) ili isije ikabadilika. Ukigusa lenzi ya kuvuta baada ya hapo, rudia. Alama ya mbali kabisa iliyochorwa kwenye lenzi usiiamini; lenzi nyingi za kisasa zinapita kidogo zaidi yake.

Mistari ya taa za magari inatoka vipi? Yangu inakatikakatika.

Fanya hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linapita kama mita 14 kila sekunde. Daraja la Tanzanite lina urefu wa kilomita 1.03, kwa hiyo gari moja linahitaji kama sekunde 74 kulivuka lote. La Nyerere, lenye mita 680, ni kama sekunde 49. Ukiacha shata wazi kwa sekunde 10, gari moja linakuchorea mita 140 tu. Mstari usiokatika unautengeneza kwa njia mbili: ama uache shata wazi muda mrefu zaidi, ama usubiri magari yawe mengi na mfululizo ili moja lianzie mwenzake alipoishia. Jioni ya siku ya kazi, magari yakitoka mjini kuelekea Oysterbay na Masaki, sekunde 20 zinatosha. Jumapili usiku utasubiri sana.

Foleni nayo ni adui. Gari lililosimama halichori mstari, linachoma doa. Unataka magari mengi yanayotembea, si magari mengi yaliyokwama.

Mwanga mweupe ni wa magari yanayokuja kwako, mwekundu ni wa yanayoondoka. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, ukiwa umeelekea barabara inakokwenda, nyekundu inakaa kushoto na nyeupe kulia. Binafsi napenda nyekundu zaidi. Haziungui haraka na zinapendeza dhidi ya anga la buluu. Basi kubwa lenye taa kali likija moja kwa moja usoni pa lenzi wakati shata iko wazi, funika lenzi kwa kadi nyeusi bila kuigusa, lipite, kisha ondoa. Sekunde ulizofunika ziongeze mwishoni.

Na si lazima kila picha ya daraja iwe na mistari. Kwa Tanzanite likitazamwa kwa ubavu kutoka ufukweni, ukingo unaficha sehemu kubwa ya magari, na picha haipungukiwi kitu.

Kwa nini taa za daraja zimeungua na kuwa madoa meupe?

Kwa sababu taa ni kali mara nyingi kuliko kitu chochote kingine kwenye picha, na muda unaofaa nguzo ni mwingi mno kwa balbu. Dawa ya kwanza ni ileile: wahi, anga likiwa na mwanga, ili tofauti kati ya taa na mazingira iwe ndogo. Dawa ya pili ni kupiga picha tatu bila kugusa stendi, kwa mfano sekunde 4, sekunde 10 na sekunde 30, kisha kuchukua taa kutoka ile fupi na vivuli kutoka ile ndefu. Balbu yenyewe kuungua si dhambi. Kinachokera ni mwanga ukimwagika mpaka ukala nguzo.

Taa za daraja zinabadilika rangi. Picha yangu imetoka nyeupe-nyeupe.

Umeacha shata wazi kwa muda uliotosha taa kupita rangi zote, na nyekundu, kijani na buluu zikichanganyika zinaelekea kuwa nyeupe. Angalia rangi moja inakaa sekunde ngapi. Ikikaa sekunde sita, piga kwa sekunde nne, uanze mara tu rangi inapotulia. Fungua tundu la lenzi hadi f/5.6 na upandishe ISO hadi 200 au 400 kufidia. Maji yatakuwa na mikunjo kidogo. Yavumilie, au piga picha nyingine ndefu kwa ajili ya maji peke yake.

Ile nyota yenye miale kwenye taa inatoka wapi?

Kwenye bapa za tundu la lenzi, yaani vibamba vinavyolifunga na kulifungua. Ukilifunga hadi f/11 au f/13, mwanga unapinda kwenye kingo za bapa na kutoa miale. Lenzi yenye bapa sita hutoa miale sita, yenye saba hutoa kumi na minne, yenye tisa kumi na minane: ikiwa idadi ni shufwa miale ni idadi ileile, ikiwa witiri inakuwa maradufu. Usiendelee kufunga hadi f/22 ukitafuta nyota kali zaidi. Hapo picha nzima inaanza kupoteza ukali. Simu nyingi hazina bapa hizo, hivyo miale unayoiona kwenye simu mara nyingi ni mafuta ya kidole kwenye kioo.

Maji yana umuhimu gani? Si yatakuwa laini tu?

Nusu ya picha ni maji, na watu wengi hawayaangalii mpaka wafike.

Dar es Salaam bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa inazidi mita tatu. Kona uliyoiona mchana yenye maji mpaka ukingoni inaweza kuwa tope na mawe usiku. Pale Selander, ambapo Mto Msimbazi unaingia baharini chini ya daraja la zamani, maji yakitoka panabaki matope, mikoko na harufu ambayo picha, kwa bahati, haiibebi.

Anayejua kalenda ya mwezi anajua maji. Bamvua ni wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Siku hizo, pwani yetu, maji kwa kawaida hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne au saa tano. Maana yake ni kwamba magharibi ya siku ya bamvua inakukuta maji yanatoka kwa kasi: saa moja bado yapo, saa mbili yameshakwenda mbali, saa nne unatazama mchanga. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: jioni yanapanda polepole, na kilele chake kiko karibu saa nne usiku. Hayafiki juu sana lakini yanatulia, na kwa mpiga picha utulivu ni bora kuliko wingi. Thibitisha saa kwenye jedwali la maji la siku yenyewe, au muulize mvuvi yeyote pale ufukweni. Atakujibu bila kutazama saa.

Kuhusu kivuli cha taa majini: ukitaka taa zishuke kama nguzo ndefu za rangi, maji yawe na mikunjo midogo na shata iwe wazi sekunde 15 au zaidi. Ukitaka kioo kamili, unahitaji maji yasiyo na upepo, na hayo kwenye bahari wazi ya Tanzanite ni nadra. Kwenye mkondo wa Kurasini chini ya Daraja la Nyerere unayapata mara nyingi zaidi, kwa sababu pamejificha na mawimbi ya bahari kuu.

Upepo nao una msimu. Kusi, hasa Juni hadi Agosti, unapiga kwa nguvu, na kaskazi, Desemba hadi Februari, unavuma kutoka upande wa bahari. Kipindi cha maleleji kati ya pepo hizo mbili, kama Oktoba na Novemba, ndicho chenye jioni tulivu. Machi na Aprili pia upepo hupungua, ila mvua ya masika haikupi ratiba.

Nataka mwezi mpevu uwe juu ya daraja.

Mwezi mpevu huchomoza karibu na jua linapozama, na bahari yetu iko mashariki. Kwa hiyo ukisimama upande wa nchi kavu, kwa mfano karibu na daraja la zamani la Selander, ukitazama baharini, Tanzanite linakuwa mbele yako na mwezi unachomoza nyuma yake. Siku inayopendeza zaidi ni ile ambayo mwezi unachomoza dakika chache kabla ya jua kuzama au sambamba nalo, kwa sababu anga bado lina mwanga. Siku inayofuata unachelewa, na unakuta mwezi mkali kwenye weusi.

Tatizo ni kwamba mwezi unatembea. Katika sekunde 30 unahama karibu robo ya upana wake, hivyo unatoka kama yai na pia unaungua. Piga picha moja fupi, sekunde moja au chini, kwa ajili ya mwezi, na nyingine ndefu kwa ajili ya daraja, kisha ziunganishe zikiwa mahali palepale. Kuukuza mwezi uwe mara tatu ya ukubwa wake halisi, kama tunavyoona mitandaoni, sikushauri. Mtu wa pwani anaujua mwezi wake.

Nimetumia stendi na bado picha imetikisika.

Chunguza haya kwa mpangilio huu. Je, ulibonyeza kwa kidole? Tumia taima ya sekunde 2 au rimoti. Je, mkanda wa kamera ulikuwa unapepea? Uvue au uufunge. Je, ulinyanyua mhimili wa katikati wa stendi? Ushushe, panua miguu, tundika mfuko wa mawe. Je, ulisimama kwenye mchanga uliolowa? Miguu huzama taratibu. Ididimize kabla ya kuanza, au weka juu ya mawe.

Na je, ulikuwa juu ya daraja lenyewe? Daraja linatikisika. Ni kazi yake, limejengwa linyumbulike lori linapopita, na kamera iliyo juu yake inanyumbuka nalo. Katikati ya nafasi kati ya nguzo ndipo panapocheza zaidi; karibu na nguzo au mwanzoni mwa daraja panatulia. Ukilazimika kupiga ukiwa juu, sogea kwenye nguzo na utumie muda mfupi kati ya lori na lori.

Lenzi inaingia ukungu kila nikitoa kamera.

Umetoka kwenye gari au chumba chenye kiyoyozi. Kioo baridi kikikutana na hewa ya pwani iliyojaa unyevu, unyevu huo unageuka matone juu yake. Kufuta hakusaidii, unarudi palepale. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa kwa dakika ishirini ipate joto taratibu, au zima kiyoyozi nusu ya safari. Baada ya hapo kuna chumvi. Upepo wa bahari unabeba matone madogo yanayokauka juu ya kioo, na kila taa inazungukwa na utando. Pangusa mara kwa mara kwa kitambaa chenye unyevunyevu kisha kikavu, na ukifika nyumbani pangusa hata miguu ya stendi, vinginevyo skrubu zitakamata kutu.

Vidoadoa vyekundu na vyeupe hivi ni nini?

Ni chenga za sensa iliyopata joto. Kamera nyingi zina kipengele cha kuziondoa: baada ya picha ya sekunde 60, inafunga shata na kupiga nyingine ya giza kwa sekunde 60 zilezile, kisha inatoa tofauti. Kinafanya kazi vizuri, ila kinakula muda wako maradufu, na una dakika ishirini tu za anga la buluu. Chini ya sekunde 30 kizime. Kwa picha ndefu za usiku wa manane kiwashe.

Nahitaji filta nyeusi?

Usiku, hapana. Inahitajika kabla: jua likiwa ndiyo linazama na unataka maji laini. Filta ya hatua 6 hupunguza mwanga mara 64, hivyo robo sekunde inakuwa sekunde 16. Ya hatua 10 hupunguza kama mara 1,000. Sehemu ya 1/15 ya sekunde inakuwa zaidi ya dakika moja. Weka fokasi kabla ya kuifunga, maana ukishaifunga huoni kitu. Ile filta ya kulinda kioo unayoiacha kwenye lenzi siku zote, usiku ivue, kwa sababu taa hujirudia ndani yake na kutokea upande wa pili wa picha zikiwa kijani.

Rangi imetoka chungwa kila mahali.

Ni taa za barabarani za zamani za sodiamu. Kwenye RAW shusha joto la rangi hadi kati ya Kelvin 3000 na 3500, anga litarudi kuwa buluu. Taa za LED hazina shida hiyo, lakini mahali penye aina zote mbili huwezi kuziridhisha zote. Chagua rangi ya anga iwe sahihi, chungwa kidogo ibaki. Wanaoisukuma picha nzima kuwa zambarau wanafanya madaraja yote ya dunia yafanane.

Nisimame wapi?

Kwa Tanzanite, upande wa Oysterbay, kwenye mawe ya ufukweni ukitazama kusini, unapata daraja na maghorofa ya mjini nyuma yake, na mwanga wa machweo ukiwa kulia kwako. Kutoka Barabara ya Barack Obama unapata kinyume chake, na unakuwa karibu zaidi. Kwa Kigamboni, nyaya zilizoning'inia kutoka kwenye minara ndizo habari yenyewe, kwa hiyo jisogeze mpaka nyaya zipishane na anga tupu, si na majengo. Lenzi pana ya milimita 24 inatosha ukiwa karibu. Ukiwa mbali, milimita 70 hadi 200 inayabana maghorofa na daraja pamoja.

Nahitaji kibali? Mlinzi akinifukuza?

Kupiga kwa kumbukumbu zako, ukiwa mahali pa wazi panaporuhusiwa watu, ni jambo moja. Stendi, taa na watu watatu ni jambo jingine, mlinzi anaona kazi ya biashara. Salimia kwanza, jieleze kabla hujaulizwa, muoneshe picha. Akisema hapana, hama, kona ziko nyingi. Ikulu, kambi za jeshi na mitambo ya bandari usizielekezee kamera hata kama zimejitokeza pembeni. Na kwa Kigamboni kumbuka bandari iko jirani. Usisimamishe gari juu ya daraja kwa sababu ya picha.

Droni ni habari tofauti kabisa. Tanzania inahitaji usajili wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kibali cha Wizara ya Ulinzi. Usirushe kwanza ukaomba baadaye.

Ni salama kwenda peke yangu?

Nenda na mwenzako. Wewe umeinamia skrini na macho yamezoea mwanga; yeye anatazama nyuma. Mkanda wa kamera uvue kwenye kamera lakini begi libaki mwilini. Ufukweni, jua maji yanatoka au yanaingia kabla hujapanda juu ya mwamba.

Kamera yangu inaishia sekunde 30 na sina rimoti. Ndiyo basi?

Hapana. Piga picha nane za sekunde 15 mfululizo, bila kugusa chochote, kisha ziweke kwenye programu ya kuhariri zikiwa tabaka juu ya tabaka na uchague zile sehemu zinazong'aa zaidi zishinde. GIMP inafanya hivyo na ni ya bure. Mistari ya magari ya picha zote nane inaungana, na taa haziungui zaidi ya zilivyoungua kwenye picha moja. Ikiwa mtu amepita na tochi kwenye picha ya tano, unaitoa hiyo moja. Nafasi kati ya picha na picha iwe fupi kadiri kamera inavyoruhusu, la sivyo mistari itakuwa na mapengo.

Na madaraja mengine?

Nyali, Mombasa, halina nyaya za kujionyesha. Ni zege lililonyooka, na linapendeza kwa mistari na kwa maji ya mkondo kuliko kwa umbo. Machweo yake yako karibu na saa za Dar. Daraja la Mto Nile kule Jinja, lililofunguliwa Oktoba 2018, lina urefu wa mita 525 na nyaya zake zinapigwa vizuri kutoka kando ya mto; ulinzi wa pale uuheshimu na uombe ruhusa kwanza.

Daraja la John Pombe Magufuli, Kigongo hadi Busisi, lilifunguliwa Juni 2025 na linavuka Ghuba ya Mwanza kwa kilomita tatu. Hapo gari la kilomita 50 kwa saa linahitaji zaidi ya dakika tatu na nusu kufika ng'ambo, kwa hiyo mistari ya mwanzo hadi mwisho ni ya kuunganisha picha. Jua Mwanza linazama robo saa hadi nusu saa baada ya Dar, na ukisimama upande wa Kigongo, anga la machweo linakuwa nyuma ya daraja. Sehemu yenye nyaya iko katikati ya maji, mbali na wewe; beba lenzi ndefu.